Namba za Flapu na Magurudumu ya Ndege ya Kujiundia Haziazimwi

Rubani wa Cessna Caravan, zile ndege za injini moja zinazobeba watalii kutoka uwanja wa Arusha pale Kisongo kwenda Serengeti, ana namba tatu za flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kuruka polepole, anazotakiwa kuzijua kwa moyo. Flapu zikiwa nyuzi 10, mwendo usizidi noti 175. Zikishuka hadi nyuzi 20, mwisho ni 150. Zikishuka zote, nyuzi 30, mwisho ni 125. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85, kwa hiyo hata hiyo namba ndogo kabisa ni zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Rubani huyo hakuzitunga namba zake. Kiwanda kilipiga hesabu, kikafanya majaribio, wakaguzi wakaridhika, ndipo zikachapwa kwenye kitabu cha ndege na kuchorwa kwenye kioo cha kipimamwendo.

Ndege ya kujiundia ina historia nyingine. Huko Marekani, ambako kazi hii ilipata chama chake, EAA, mwaka 1953, sheria inamtaka mjenzi awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa mikono yake. Ananunua michoro au seti ya vipuri, anapiga ribiti karakana kwake kwa miaka, na siku ndege inapotoka nje, kitabu chake cha urushaji kinaandikwa na yeye mwenyewe. Mbunifu humpa namba za kuanzia. Kampuni ya Van's Aircraft, kwa mfano, inampa mjenzi wa ndege yake ya RV-7 maili 110 kwa saa kwa flapu za nusu na maili 100 kwa flapu zote, nyuzi 40. Lakini namba hizo ni za ndege iliyojengwa kama ilivyochorwa, ikiwa na kipimamwendo kinachosema kweli. Kama ndege iliyoko karakanani ni hiyo au siyo, wa kuthibitisha ni mjenzi.

Tena angalia vipimo vyenyewe. Hizo za RV-7 ni maili za barabarani, siyo noti. Maili 100 kwa saa ni noti 87 tu. Mtu akiisoma ile 100 akaichora kwenye kipimamwendo cha noti, amejiongezea noti 13, na nitaonyesha hapa chini noti 13 zinamaanisha nini kwa bawaba ya flapu.

Naandika haya kwa sababu vijana wenye mikono ya kuunda vitu wapo hapa kwetu. Ukipita karakana za Unga Limited, hapa Arusha, utaona wanachoweza kufanya na bati, chuma na mashine ya kuchomelea. Siku mmoja wao atakapoamua kuunda ndege, atakuta mtandaoni namba za kila aina, na ataona ni rahisi kuchukua za ndege inayofanana na yake. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, atakihitaji kabla hajaruka, lakini mkaguzi hatakuwa naye angani siku anapobonyeza swichi ya flapu kwa mara ya kwanza.

Tuanze na upepo wenyewe. Nguvu ya upepo kwenye kitu haiongezeki sambamba na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwenye hewa ya usawa wa bahari, noti 87 zinatoa shinikizo la kadiri ya kilo 125 kwenye kila mita moja ya mraba iliyoukabili upepo. Kwa noti 100 shinikizo linapanda hadi kilo 165. Kwa noti 120 ni karibu kilo 238. Yule aliyechanganya maili na noti ameongeza mzigo kwa karibu theluthi moja, na aliyefungua flapu kwa noti 120 badala ya 87 ameongeza kwa asilimia 90, ingawa mwendo wenyewe umezidi kwa asilimia 38 tu. Abiria wa bodaboda anayefungua mwavuli pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa taratibu ataumudu. Dereva akikaza mwendo kidogo tu, vijiti vinapinduka.

Mzigo huo hauishii kwenye bati la flapu. Unapita kwenye bawaba, unaingia kwenye rodi inayoisukuma, kutoka hapo unaenda kwenye mota au mkono wa rubani, na sehemu kubwa inamezwa na boriti ya nyuma ya bawa, ile ambayo wajenzi wengi huidhani ni ya kushikia flapu tu. Pia flapu ikishuka, nguvu inayobeba ndege inahamia nyuma ya bawa, na bawa linasokotwa: ukingo wa mbele unataka kuinama. Pua ya ndege hubadili mkao, na mkia unalazimika kufanya kazi zaidi kuituliza. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba wamebadilisha mota ya flapu na kuweka yenye nguvu zaidi, hivyo sasa wanaweza kufungua kwa mwendo mkubwa. Mota dhaifu ilikuwa ikigoma na kwa kugoma kwake ikiilinda bawaba. Ile mpya itaisukuma flapu hadi kitu kingine kiachie.

Mbunifu naye anaipataje namba yake? Kanuni za zamani za Marekani za ndege ndogo zilizotengenezwa kiwandani, ambazo wabunifu wengi wa ndege za kujiundia huzifuata ingawa hawalazimiki, zilisema hivi: mwendo wa kusanifia flapu usiwe chini ya mara 1.4 ya mwendo wa stoli flapu zikiwa juu, wala chini ya mara 1.8 ya mwendo wa stoli flapu zikiwa chini, na kati ya hizo mbili ichukuliwe iliyo kubwa. Stoli ni pale bawa linapoelekezwa juu kupita kiasi hadi hewa inaachana nalo na linashindwa kubeba. Tuchukue ndege ya mfano ambayo stoli yake ni noti 55 bila flapu na noti 48 flapu zote zikiwa chini. Mara 1.4 ya 55 ni 77. Mara 1.8 ya 48 ni 86. Basi mbunifu lazima aifanye flapu ihimili angalau noti 86. Kutokana na namba hiyo hupatikana VFE, mwendo wa juu unaoruhusiwa flapu zikiwa chini, na ndiyo mwisho wa juu wa tao jeupe kwenye kipimamwendo. Mwanzo wa tao hilo, kule chini, ni mwendo wa stoli flapu zikiwa chini.

Hapa pana jambo ambalo marubani wengi, hata wenye leseni za siku nyingi, hawajaelezwa vizuri, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote katika mada hii. Kanuni hizohizo zilipotaka ndege ihimili flapu kwa mwendo wa VFE, zilitaka ihimili mzigo wa mara 2 tu ya uzito wake, pamoja na dharuba ya upepo wa kupanda au kushuka wa futi 25 kwa sekunde. Ndege hiyohiyo ikiwa na flapu juu hutakiwa kuhimili mara 3.8. Kwa maneno mengine, ukishusha flapu umepunguza uimara ulioahidiwa kwa karibu nusu, hata kama mwendo wako uko sawasawa ndani ya tao jeupe.

Endelea na hesabu ya ile ndege ya mfano. Bawa linaweza kubeba kiasi gani kabla halijastoli? Inategemea mraba wa uwiano wa mwendo wako na mwendo wa stoli. Kwa noti 86, ambazo ni mara 1.8 ya 48, bawa linaweza kuzalisha mzigo wa mara 3.2 ya uzito wa ndege kabla halijaachia. Lakini limesanifiwa kwa mara 2. Rubani akivuta fimbo kwa nguvu kwenye mwendo huo, stoli haitamwokoa. Ataupita mpaka wa usanifu bawa likiwa bado linabeba. Stoli inakuja kabla ya mara 2 pale tu mwendo unaposhuka chini ya noti 68, ambazo ni 48 mara kipeuo cha pili cha 2. Kwa hiyo ndani ya tao jeupe kuna vipande viwili visivyochorwa. Kuanzia 48 hadi 68, bawa litastoli kabla ya kufikia mpaka wake wa usanifu. Kuanzia 68 hadi 86, kinachoilinda ndege ni mkono mwepesi wa rubani na utulivu wa hewa.

Na hewa ya Arusha si tulivu kila saa. Mlima Meru unasimama mita 4,566, karibu kabisa na mji, na mchana jua likishachoma mashamba na lami, hewa hupanda kwa mapigo. Upepo unaovuka bega la mlima hujikunja upande wa pili, na ndege ndogo inayopita chini yake hurushwa juu na chini. Rubani aliyezoea kushusha flapu mapema ili apunguze mwendo akiwa mbali na uwanja, kwenye hali hiyo anajiweka kwenye msukosuko akiwa na bawa la mara 2 badala ya 3.8. Mimi ningependa kila anayeruka na ndege ya kujiundia huku kaskazini azoee kinyume chake: msukosuko ukiwapo, punguza mwendo flapu zikiwa juu, na zishushe ukiwa umekwisha ingia kwenye kile kipande cha chini. Kukata kona pia kunahesabika. Kona ya kulaza ndege nyuzi 45 bila kupoteza kimo inatumia mara 1.4, na ya nyuzi 60 inatumia zile mara 2 zote, hata kabla dharuba haijapiga.

Kwenye magurudumu yanayokunjwa mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu yana namba mbili. VLO ni mwendo wa juu unaoruhusiwa wakati miguu inatembea, ama inashuka ama inapanda. VLE ni mwendo wa juu unaoruhusiwa miguu ikiwa imeshuka na kufungwa kwenye lachi zake. Kwenye ndege nyingi VLO ni ndogo kuliko VLE, na sababu inaonekana ukiitazama ndege ikiwa juu ya jeki huku miguu ikichezeshwa. Mguu uliokwisha kufungwa ni kitu kigumu chenye mhimili, na upepo hauwezi kuukunja kirahisi. Mguu ulio katikati ya safari unashikiliwa na rodi ya mota au bomba la haidroliki peke yake. Milango nayo imesimama wazi ikipokea upepo wa ubavuni, na milango hiyo mara nyingi ni bati jembamba au faibaglasi iliyoshikwa na bawaba ndogo. Mara nyingi mlango ndio unaoamua namba, wala si mguu.

Kushuka na kupanda navyo si sawa. Piper Arrow ya kiwandani inaruhusiwa kushusha magurudumu kwa noti 129, lakini kuyapandisha ni mwisho noti 107. Wakati wa kushuka uzito wa mguu unasaidia. Wakati wa kupanda mota inapigana na uzito pamoja na upepo. Mjenzi anayeandika namba moja tu ya VLO anapaswa kuandika ile ndogo.

Kanuni zilizotajwa juu zilitaka mitambo ya kukunja magurudumu ihimili mwendo hadi mara 1.6 ya stoli flapu zikiwa juu. Kwa ndege yetu ya mfano, 1.6 mara 55 ni noti 88. Ni namba ndogo kwa ndege inayosafiri kwa noti 160, na wabunifu wengi huimarisha mitambo ili waiongeze. Lakini kama mchoro hausemi lolote na hakuna aliyepiga hesabu ya milango, 88 hiyo ndiyo ningeianzia mimi.

Upande ambao mguu unakunjwa una maana kubwa siku umeme au haidroliki inapokufa. Mguu unaokunjwa kwenda mbele, ukiachiwa, unashuka kwa kurudi nyuma, na upepo unausukuma hadi kwenye lachi. Unaokunjwa kwenda nyuma unashuka kwa kusonga mbele dhidi ya upepo, na unaweza kusimama nyuzi chache kabla ya kufungika. Magurudumu yanayokunjwa kuelekea katikati ya ndege hayasaidiwi sana wala kuzuiwa sana, isipokuwa na milango. Kwa hiyo utaratibu wa dharura wa ndege nyingi unataka mwendo mdogo zaidi kuliko VLO ya kawaida: punguza mwendo, ondoa shinikizo linaloshikilia miguu juu, acha uzito ufanye kazi. Mbunifu wa Marekani, Burt Rutan, alilikwepa sehemu kubwa ya tatizo hili kwenye ndege yake ya Long-EZ, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979: gurudumu la pua tu ndilo linakunjwa, yale makuu yamesimama daima. Ndege za RV nyingi hazikunji chochote. Napenda uamuzi wa namna hiyo kwa mjenzi wa kwanza, maana kila bawaba isiyokuwepo ni bawaba isiyoingia vumbi, na vumbi letu la udongo wa volkano linaingia kila mahali.

Yote hayo yanategemea kipimamwendo, na hapo ndipo ndege ya kujiundia inapomdanganya mwenyewe. Kipimamwendo hakipimi mwendo. Kinapima tofauti ya shinikizo kati ya mrija unaoukabili upepo na tundu dogo la ubavuni linalotakiwa kusoma hewa tulivu. Kiwanda hutafuta kwa majaribio mahali pazuri pa kutoboa tundu hilo. Mjenzi akilihamisha kwa sentimita chache ili lipendeze, au akiweka kipuri chenye kichwa bapa badala ya kile cha mviringo kilichotajwa kwenye mchoro, kipimo kinaweza kukosea kwa noti kadhaa. Mrija wa mbele ukivuja kwenye kiungio, kipimamwendo kinasoma chini ya ukweli, na kosa la upande huo ndilo baya kwa flapu. Kikisoma 87 wakati ukweli ni 95, bawaba inapokea asilimia 19 zaidi ya inavyostahili, na rubani anaamini yuko salama.

Kukihakiki si kazi ngumu. Siku ya hewa tulivu, asubuhi mapema, unaruka kwa mwendo uleule na kimo kilekile kwenye pande tatu au nne tofauti, unaandika mwendo wa ardhini kutoka kwenye GPS, unaondoa upepo kwa hesabu, kisha unarekebisha kwa kimo na joto. Fanya hivyo kwa mwendo wa chini, wa kati na wa juu, kwa sababu kosa halilingani kila mahali. Kabla ya hapo fungia mirija yote na uipime kama inavuja, ndege ikiwa bado chini.

Swali linalotatiza wengi huku juu ni hili: hewa yetu ni nyepesi, je, namba zibadilishwe? Uwanja wa Arusha uko karibu futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi joto 28, hewa yake ni nyepesi kama ile ya futi 7,200 kwenye siku ya vipimo vya kawaida, yaani uzito wake ni asilimia 80 hivi ya hewa ya vipimo vya kawaida ya usawa wa bahari. Lakini kipimamwendo kinapima shinikizo, na shinikizo ndilo linalovunja bawaba. Hewa ikiwa nyepesi, kipimo kinasoma kidogo kwa kiasi kilekile ambacho nguvu imepungua. Kwa hiyo VFE, VLO na VLE zinabaki zilezile kwenye kioo, Tanga na Arusha. Usiongeze, usipunguze.

Kinachobadilika ni mwendo halisi. Noti 80 kwenye kioo ni karibu noti 89 za kweli kwenye mchana ule wa Arusha. Ardhi inakimbia kasi kuliko alivyozoea mtu aliyefundishwa pwani, na macho yanamwambia anakwenda mbio mno. Akiyasikiliza macho atapunguza mwendo hadi karibu na stoli. Asipoyasikiliza, atagusa lami akiwa na nishati ya kusimamisha iliyozidi kwa karibu robo, na hilo ni la kweli na lazima alipangie, lakini dawa yake ni barabara ndefu ya kutulia, si kuukaribia mwendo wa stoli. Kuna namba moja tu ambayo kwenye hewa nyepesi haifuati kioo kwa wabunifu wengine: ule mwendo usiovukwa kabisa, VNE. Van's huutaja kama mwendo halisi, kwa sababu mtikisiko wa kuvunja mkia na mabawa unafuata zaidi mwendo halisi. Watu husikia habari hiyo wakaihamishia kwenye flapu. Siyo mahali pake.

Sasa fikiria safari ya kawaida, kutoka uwanja mdogo wa Moshi kuja Arusha, kilomita 77 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa noti 160 ni dakika 16 tu. Uko futi 8,500, na kimo cha kuzungukia uwanja, kama ni futi 1,000 juu ya ardhi, ni 5,550. Unatakiwa kushuka futi 2,950. Kwa futi 500 kila dakika ni dakika 6, ambazo kwa mwendo ule ni karibu kilomita 30. Hiyo ina maana uanze kushuka kabla hujafika juu ya Usa River. Na bado hujapunguza mwendo. Ndege za kujiundia nyingi ni nyororo, na ukizishusha zinaongeza mwendo badala ya kuupoteza. Kutoka 160 hadi 86 injini ikiwa imepunguzwa huchukua kilomita kadhaa za kuruka bila kushuka. Basi ukianza kushuka ukishaipita KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, tu, kwa ruhusa ya waongozaji, utafika Arusha ukiwa na nafasi ya kusawazisha ndege, kungoja mwendo ushuke, kutoa magurudumu kama VLO yako ni kubwa kuliko VFE, kisha flapu za kwanza.

Anayechelewa hujikuta juu ya Tengeru bado ana noti 150, uwanja unaonekana, na mkono unaitafuta swichi. Naamini namba nyingi za flapu huvukwa katika hali hiyo ya haraka, tena na mtu anayezijua vizuri. Akichelewa, njia ni kuzunguka mara moja kwa utaratibu, akiwaambia waongozaji.

Kabla ya hayo yote kuna kipindi cha majaribio. Kwa kawaida Marekani hutaka saa 25 au 40 za kuruka bila abiria, kulingana na injini na pangaboi kama vilikwisha kuidhinishwa pamoja. Muda huo ndio wa kuzithibitisha hizi namba, na kazi inaanzia chini. Flapu huwekewa mifuko ya mchanga yenye uzito uliopigiwa hesabu kutokana na shinikizo la VFE na eneo la flapu, ndege ikiwa imepigwa vigingi, na mtu anatazama kama rodi inapinda na kama pande zote mbili zinashuka sawa. Magurudumu huchezeshwa juu ya jeki mara nyingi, kwa umeme na kwa njia ya dharura, huku mtu akivuta mguu kwa mizani ya springi kuiga upepo, kwa maana mguu unaofungika vizuri ndani ya karakana unaweza kugoma angani.

Angani unaanza mbali na mpaka. Ndege yetu ya mfano ingeanza kwa flapu za nyuzi 10 kwa noti 65, ikiwa kimo kikubwa, mikono miwili tayari. Unasikiliza, unahisi mtetemo kwenye fimbo, unatazama flapu ya kushoto na ya kulia. Unarudisha. Unaongeza noti 5. Ukitua unakagua bawaba kabla ya kwenda hatua nyingine. Huhitaji kuifikia VFE ya mbunifu. Ukisimama noti 80 kwa sababu pale mtetemo umeanza, basi VFE ya ndege yako ni chini ya 80 hadi ujue mtetemo unatoka wapi, na unaichora hivyo kwenye kioo.

Namba ikivukwa, hata kwa sekunde chache, ndege haipai tena siku ile. Unafungua vifuniko na kutazama ribiti za boriti ya nyuma, matundu ya bolti kama yamevutika, rangi iliyochanika kando ya bawaba, rodi kama bado imenyooka. Kwa magurudumu tazama bawaba za milango na lachi. Kisha inaandikwa kwenye daftari la ndege: mwendo uliosomwa, nyuzi za flapu, kilichokaguliwa. Fundi atakayeifungua miaka mitatu baadaye anahitaji kulijua hilo.

Na bawaba au rodi ikikatika angani? Flapu ya upande mmoja itarudi juu, ya upande wa pili itabaki chini, na ndege italala ubavu kwa nguvu. Kitu cha kwanza ni kurudisha swichi mahali ilipokuwa kabla, ili pande zote zilingane tena, kisha usiiguse. Unatua bila flapu. Kwa ndege yetu ya mfano mwendo wa kukaribia ulikuwa mara 1.3 ya 48, noti 62. Bila flapu ni mara 1.3 ya 55, noti 72, na nishati ya kusimamisha imeongezeka kwa karibu theluthi moja. Kwa hali hiyo ningeiacha Kisongo na kugeuka mashariki. KIA ina barabara ya kutulia ya mita 3,600, iko chini ya Arusha kwa futi 1,600 hivi kwa hiyo hewa yake ni nzito zaidi, na ina zimamoto. Waambie waongozaji mapema, bado una mafuta ya kutosha, na uombe mkondo mrefu ulionyooka ili usilazimike kukata kona kali.